Barua Moja kwa Mabinti Kumi na Wawili

Vijana wanaoandika hadithi huja kwangu na madaftari yao kwapani, wanakaa kwenye kiti changu kibovu kwa adabu kubwa, halafu wananiuliza siri ya ufundi. Wanataka kanuni. Wanataka niwaambie sura ya kwanza ianze vipi na mhusika apewe tabia ngapi. Huwa nawapa chai, nawaangalia wanavyoipuliza, na moyoni nacheka, maana ufundi wote nilionao nilifundishwa na mwanamke asiyeweza kusoma hata jina lake, mbele ya uwanja mzima wa watu, siku niliyotamani ardhi ipasuke nizame. Basi nawasimulia habari hiyo. Wakiondoka bila kanuni, shauri yao.

Ilikuwa Uvira, mji wa kando ya ziwa, mtaa wa Kilibula, miaka ile baada ya uhuru. Sisi hatukuwa watu wa ziwa. Tulitoka Kamanyola, kwenye tambarare, kwenye mihogo na mpunga, na baba alipofariki tukabaki watatu: mama, kaka yangu mkubwa, na mimi. Kaka alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na soko. Alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo wa kujisifu. Ukimsikiliza yeye, hajazaliwa mtu wala mnyama wa kumtisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesoma kwa masista, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilikuwa nauangalia mwenyewe na kutabasamu.

Zamani za Wabelgiji, karatasi ikija nyumbani kwako ni kodi au ni gereza. Uhuru ulipofika, makarani walihamia kwenye viti vya mabwana wao, na watu wakaona kumbe karatasi inatutii na sisi. Kila mtu akataka kuandikiwa kitu. Haukupita muda, Kilibula posa bila barua ikawa posa ya porini. Na barua haikutiwa tu mkononi mwa baba mkwe. Ilisomwa kwa sauti, mzee wa upande wa kijana amesimama katikati ya uwanja, majirani wamejaa, binti amekaa ndani nyuma ya mlango anasikiliza. Anayejibu si baba. Baba unaweza kumlainisha kwa pombe. Anayejibu ni shangazi wa binti, dada wa baba yake, na shangazi hana ulaini wowote.

Barua yangu ya kwanza niliandika kwa jirani aliyekuwa akiuza chumvi. Niliweka mwezi. Niliweka nyota, nyingi kuliko zilizoko mbinguni. Niliweka ua waridi, ingawa katika maisha yangu nilikuwa sijaona waridi hata moja. Nikaandika kwamba tangu siku alipomwona binti, usingizi umemkimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Watu walilia. Bibi mmoja aliomba isomwe tena. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelewa sifa, sijagusa hata tone la pombe, na kesho yake vijana wawili walikuwa mlangoni wanataka na wao.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Niliinakili. Nilibadilisha jina juu na jina chini, katikati nikaacha mbuzi wangu na kamba yake. Barua kumi na moja, mabinti kumi na mmoja, na wote walikubali. Nilipewa sabuni, nilipewa kuku, nilipewa kikwembe kizima, kitenge cha maua mekundu. Nilijiona nimeshajua kuandika, na hapo ndipo mwandishi anapaswa kuwaomba ndugu zake wamfungie kalamu kabatini.

Ndipo kaka akapenda. Alimpenda binti wa wavuvi waliokaa karibu na ufuko, msichana aliyeanika ndagala, wale dagaa wa ziwa, mchangani pamoja na shangazi yake. Kaka yangu, mtu wa maneno elfu moja, alianza kurudi nyumbani akiwa kimya. Anakaa, anaangalia ugali, anasahau kula. Mama alidhani ni malaria. Kaka aliponiambia ni nini, nilimrukia shingoni kwa furaha, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa ni yeye nitampa ile barua bora kabisa.

Nadhani mmeshaanza kuona.

Jumapili ile tulienda kwa nguo zetu za kanisani. Baba yetu mdogo alikuwa ametoka Kamanyola kwa ajili ya kusoma, akasimama, akakohoa, akafungua karatasi. Shangazi wa binti alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharagwe, mwanamke mfupi, mnene, macho yamefumba nusu kama amesinzia. Baba mdogo akaanza: "Tangu siku ile macho yangu yalipokuona..."

"Usingizi umenikimbia kama mbuzi aliyekata kamba," akasema shangazi, bila kuinua uso kutoka kwenye maharagwe.

Baba mdogo akaangalia karatasi, akamwangalia mama, akaendelea na mstari wa mwezi. Shangazi akamtangulia kwenye mwezi. Akaenda kwenye nyota, akamkuta shangazi ameshafika anamsubiri. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, baadaye waziwazi, mpaka baba wa binti mwenyewe akageukia ukutani mabega yanamtikisika. Ilipofika kwenye waridi, uwanja mzima ulikuwa unaitikia kama litania ya kanisani. Baba mdogo, maskini, alisoma mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mama, na mgongo wa mama haukunitosha.

Kumbe shangazi alikuwa amehudhuria posa nne mwaka ule. Hakujua herufi, lakini lililoingia sikioni mwake halikutoka.

"Hii barua nilishaka kuisikia mara ine," alisema. "Mutoto wetu haiko kikwembe ya duka, ya kuenea kila muntu. Nani aliandika?"

Mama alisogea kando. Sijawahi kumsamehe kabisa.

"Weye," shangazi akaniambia. "Uko na mwandiko muzuri?"

"Ndiyo, shangazi."

"Muzuri. Lete ingine Jumapili ijayo. Mu ile barua nikisikia neno moja tu lenye linaweza kwenda kwa binti mwingine, kaka yako atafute bibi pahali pengine."

Kaka hakunigombeza njiani. Angenigombeza ningepona. Alitembea mbele yetu peke yake, na nilimwona anajifuta uso kwa mkono wa shati, mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuogopa duniani. Nilijua kwamba nikiharibu tena, nimemwibia maisha yake.

Wiki ile ndiyo waasi walifika. Usiku wa Jumapili ileile tulisikia milio upande wa tambarare, alfajiri wakubwa wa ofisi wakapotea na magari yao, na kulipokucha tukakuta mji una wenyewe wapya, vijana wenye matawi kichwani wanaosema risasi kwao ni maji. Maduka yakafungwa. Baba mdogo alikuwa amesharudi Kamanyola, na njia ikakatika nyuma yake. Jumatatu hiyohiyo tukasikia kwamba familia ya binti wanavuka ziwa kwenda Burundi, kwa mjomba wao, na mtumbwi unaondoka Ijumaa asubuhi. Jumapili ya shangazi ikafa. Nilikuwa na siku nne.

Nikaenda ufukoni. Kalamu sikioni, daftari mkononi, najifanya mtu wa maana. Binti aliponiona tu alianza kucheka, na huyo msichana akicheka anacheka na mwili mzima, anashika magoti.

"Umekuja kuniandika," alisema.

"Nimekuja kukusalimia."

"Na kalamu kwenye sikio? Basi andika niko mrembo. Andika shingo yangu." Akanyoosha shingo, akageuza uso pembeni, akapita mbele yangu taratibu kama bibi harusi anayeingia kanisani, ungo wa ndagala kichwani. Niliandika kurasa tatu siku ile. Nyumbani nilipozisoma, zilikuwa shingo tupu. Mtu akijua unamwangalia anakuvalia nguo za Jumapili, na nguo za Jumapili za watu wote zinafanana.

Kesho yake nilikwenda bila daftari. Nikafunga kikwembe kiunoni, nikainama, nikaanza kugeuza samaki. Jua la pale halina huruma, na ndagala wana harufu inayokwenda na wewe mpaka kitandani. Kufika saa sita mgongo ulikuwa unawaka na yule binti alikuwa ameshanisahau. Hapo ndipo nilianza kumwona. Alikuwa anagombana na mwewe mmoja aliyezoea kuiba, na alikuwa anamwita shemeji, kwa sababu anakuja kula bila kupiga hodi. Wimbo wowote wa kanisani alijua mstari wa kwanza tu, akaurudia asubuhi nzima bila aibu. Alikuwa anaanza kucheka kichekesho chake kabla hajakifikisha mwisho, hivyo hakuna mtu aliyewahi kusikia mwisho wa kichekesho chake hata kimoja, na bado tulicheka wote tukaanguka mchangani. Paka wa jirani alipewa samaki wadogo kila siku, na kila siku kwa sababu tofauti: leo ana mimba, kesho amefiwa.

Siku hiyo na iliyofuata nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Mji una bunduki, watu wanafunga mizigo, na mimi narudi nyumbani mbio, nanuka samaki, nacheka peke yangu barabarani kwa ajili ya paka aliyefiwa. Nilikuwa nimegundua kwamba ulimwengu umejaa na ni bure.

Niliandika mambo arobaini. Yalikuwa mengi mno, yanakanyagana. Sasa sikilizeni namna nilivyopunguza, maana hii ndiyo kanuni pekee mtakayoipata kwangu. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Nilikaa chini karibu na kinu nikamsomea, jambo moja moja, bila kumwambia ninatafuta nini. Pale mchi uliposimama hewani, nikaweka alama. Pale alipoongeza kasi, nikafuta. Kwa mwewe mchi ulisimama. Kwa paka mama aliweka mchi chini kabisa akacheka mpaka akakaa. Kwa sentensi moja niliyoipenda kuliko zote, ya nywele zake na upepo wa ziwa, mama alitwanga kama mtu anayefukuza nyoka. Niliifuta huku nalia. Mpaka leo natafuta mtu wa kunitwangia ninaposoma, na wahariri wote niliokutana nao hawajafika kwenye kinu kile.

Ijumaa tulifika kwao jua halijawa kali. Uwanja ulikuwa umejaa mizigo: magodoro yamekunjwa, sufuria ndani ya sufuria, kuku watatu wamefungwa miguu wanalalamika. Baba wa binti alikuwa anakaza kamba na hakutuangalia sana. Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia la unga.

"Mzee wenu wa kusoma iko wapi?" aliuliza.

"Njia imefungwa, shangazi," nilisema. "Nitasoma mimi."

"Mutoto mwanamuke anasoma posa." Aliangalia bunda la mizigo, akaangalia barabara. "Sawa. Dunia yote imegeuka. Soma."

Nilisoma. Kwa mwewe, jirani mmoja alipiga makofi. Kwa wimbo wa mstari mmoja, baba wa binti aliacha kamba, akasema polepole, "Njo yeye. Njo huyu mutoto wetu kabisa." Kwa paka, nyuma ya mlango tulisikia mtu anacheka kabla sijafika mwisho, na watu wote wakacheka kwa sababu tulijua ni nani. Nilimaliza. Nilijua nimeshinda. Nilikuwa tayari nimeshaanza kutabasamu lile tabasamu langu la mwandiko.

Shangazi alijipangusa unga magotini.

"Barua iko muzuri," alisema. "Sijasikia binti mwingine ndani. Lakini niulize kintu kimoja." Akamgeukia kaka. "Haya yote, macho iko ya nani? Weye uliona nini?"

Kaka alikuwa amesimama na kofia yake mkononi. Aliniangalia. Nilitikisa midomo bila sauti: mwewe, mwewe. Hakunifuata. Jasho lilimtoka, na ule mdomo wake uliojaa maneno ukafunguka ukafungwa. Nilisikia mama yangu anavuta pumzi. Nikasema moyoni, basi, nimemwua ndugu yangu kwa mara ya pili.

"Niliona anaogopa maji," alisema kaka.

Baba wa binti alicheka. "Huyu? Mutoto wa ziwa? Alizaliwa hapa chini, anashinda mu mchanga."

"Anashinda mu mchanga, baba. Mu maji haingiake. Saa mitumbwi inafika, wenzake wanaingia mpaka magoti wapokee samaki. Yeye anasimama pahali maji haifike, anaita wamuletee. Maji ikisogea, anasogea nyuma. Leo munamupandisha mtumbwi kutwa nzima. Toka Jumatatu silale usingizi juu ya ile."

Hakuna aliyecheka tena. Baba aligeuka kuangalia mlango. Mlango ulifunguka, jambo ambalo binti wa posa hapaswi kufanya, naye akatoka akasimama kizingitini, akiangalia miguu yake. Hakuwa anacheka. Tuliona wote kwamba ni kweli, na kwamba tangu utoto wake alikuwa amewaficha hata watu wa nyumba moja naye.

Nilikuwa nimekaa naye ufukoni siku tatu. Nilihesabu mistari ya nyimbo zake. Hilo sikuliona.

"Umejua namna gani?" shangazi alimwuliza kaka, sasa kwa sauti ndogo.

Hapa mnapaswa kukumbuka mji ulivyokuwa. Barabarani vijana wa umri wake walikuwa wanapita na bunduki wanaapa kwamba hakuna kinachowatisha, na kaka alikuwa ameishi kwa kiapo hichohicho tangu akiwa mdogo. Majirani walikuwa wamejaa. Alikunja kofia mpaka ikawa kamba.

"Juu ya kuwa miye pia naiogopa," alisema. "Naendaka kununua samaki, nasimama pahali maji haifike. Kila mara namukuta pale pale."

Mimi ni dada yake. Tulilala chumba kimoja, tulikula sahani moja, na sikujua. Nilikuwa na karatasi mkononi yenye mwandiko mzuri kuliko wote Kilibula, na nilitamani kuitafuna.

Shangazi alishuka kwenye gunia. Alikuwa mfupi, ilibidi ainue uso kumwangalia. "Mu mtumbwi iko nafasi ya muntu mumoja," alisema. "Utaweza kupanda?"

"Hapana," kaka akasema. Halafu akasema, "Nitapanda."

Basi ndiyo hayo. Mkiniletea hadithi zenu zenye mwewe wazuri na paka wazuri, nitawasifu, maana macho ni kazi na mmeifanya. Lakini nitawauliza alivyoniuliza yule mwanamke, kwa nini ni wewe uliyeliona. Kama huna jibu linalokutoa jasho, rudi nyumbani.

Tuliwasindikiza mpaka ufukoni. Mama alimpa kaka kitambaa chake cha kichwa kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Walipakia magodoro, wakapakia kuku, wakampakia shangazi, kazi iliyohitaji wanaume watatu na matusi yake mwenyewe. Mwisho wakapanda wale wawili, wanatembea ndani ya maji kama watu wanaokanyaga makaa. Wapiga kasia walisukuma. Watu wote mtumbwini waligeuka kuiangalia Uvira, milima yake na mabati yake, maana hakuna aliyejua ataiona tena lini. Walikuwa wanapunga mikono, wanalia, wanatuita. Wawili tu hawakutazama. Walikuwa wamekaa uso kwa uso katikati, magoti yamegusana, mikono imeshikana kwa nguvu zote, na wote wawili walikuwa wamefumba macho.